Pishi Yetu na Vipimo vya Waebrania

Katika Biblia ile iitwayo Tafsiri ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, na ambayo hata leo yasomwa katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki, liko neno moja la jikoni lililotwikwa mizigo ya watu watatu. Neno lenyewe ni pishi. Wana wa Israeli jangwani waliokota mana, kila kichwa pishi. Mwanamke katika mfano wa chachu aliisitiri chachu yake ndani ya unga, nao unga ulikuwa pishi tatu. Na taa ikiisha kuwashwa haiwekwi chini ya nini? Chini ya pishi. Asomaye pasipo kuuliza hudhani kwamba ni chombo kimoja, naye hawezi kulaumiwa. Walakini pishi ya kwanza ni omeri ya Waebrania, ya pili ni sea, na ya tatu si ya Waebrania kabisa, ni modio, kipimo cha nafaka cha Warumi. Katika vitatu hivi hakuna hata viwili vilivyo sawa.

Hatuandiki haya kwa kuwadharau wafasiri. Kazi yao ilikuwa kubwa, na Kiswahili chao kimetulea. Lakini twafundisha watoto kwa kitabu hicho, nao wakiisha kujifunza hesabu huuliza, Mwalimu, ni unga kiasi gani? Kumjibu mtoto wa namna hiyo kwamba ndivyo ilivyoandikwa ni kumfukuza.

Kwanza tukumbushane pishi ni nini, maana vijana wa leo wamezoea kilo, na wengine pishi hawakuiona kwa macho. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Basi pishi ni vibaba vinne. Kamusi za zamani zaipa uzito wa ratili sita hivi za nafaka, yaani kama kilo 2.7. Hicho ndicho chombo walichokuwa nacho watu wa pwani madukani na majumbani, na wafasiri walipotafuta neno hawakulitafuta mbali.

Sasa tuwaangalie Waebrania. Homeri moja ni efa kumi. Efa moja ni omeri kumi. Tena efa hiyo hiyo ni sea tatu. Kwa vitu vya majimaji, kama mafuta na divai, kipimo kilicho sawa na efa huitwa bathi, na nabii Ezekieli katika sura ya 45 aagiza kwamba viwili hivi viwe na kadiri moja. Sehemu ya sita ya bathi ni hini, na sehemu ya kumi na mbili ya hini ni logi. Asomaye akiyashika haya tu, amekwisha kupata sehemu iliyo imara kuliko zote. Yaliyobaki, yaani kila kipimo ni lita ngapi, yana ubishi mrefu, nasi tutaueleza hapa chini. Kwa sasa itoshe kusema kwamba wako wahesabuo efa kuwa kama lita 22, na wako wahesabuo kama lita 39.

Basi turudi kwenye pishi zetu. Katika habari ya mana neno hili limekaa vizuri sana. Omeri ni lita 2.2 kwa hesabu ndogo, au lita 3.9 kwa hesabu kubwa. Ukiijaza ngano utapata kilo moja na nusu na zaidi kidogo, au kilo tatu kasoro. Pishi yetu yaangukia kati ya hizo mbili. Tena kuna faida nyingine ambayo wengi hawaioni. Katika Kiebrania omeri na homeri ni maneno mawili yasiyofanana hata herufi ya kwanza, lakini masikioni mwetu ni kama mapacha, na mmoja ni mara mia ya mwenzake. Kama tungeandikiwa omeri katika kitabu cha Kutoka na homeri katika Isaya, ni walimu wangapi wangewafundisha watu kwamba kila Mwisraeli alikula mzigo wa punda kila siku! Wafasiri kwa kuweka pishi walituepusha na aibu hiyo.

Katika habari ya taa hatuna ugomvi nao pia. Modio ya Warumi ilichukua kama lita 8.7, yaani ni zaidi ya pishi mbili zetu, lakini hapo kiasi si kitu. Hakuna apimaye unga katika maneno yale. Kinachotakiwa ni chombo ambacho kila nyumba inacho, kiwezacho kufunika mwanga, na ambacho mtu akikiona juu ya taa atacheka. Pishi yafanya kazi hiyo. Hata sufuria ingaliifanya.

Lakini katika mfano wa chachu twasema wazi kwamba pishi imetupunja. Sea tatu ni efa nzima. Kwa hesabu ndogo huo ni unga wa kilo 12 au 13. Kwa hesabu kubwa ni kilo 22 au zaidi. Pishi tatu za kwetu hazifiki hata kilo tisa za nafaka, na unga ni mwepesi kuliko nafaka. Waulizeni akina mama waokao mikate ya sikukuu. Kilo 12 za unga zikitiwa maji huwa donge la kilo 20 karibu, na mikate ya nusu kilo itokayo humo yapita 30. Na ikiwa hesabu kubwa ndiyo ya kweli, mikate yakaribia 60. Mwanamke yule hakuwa akipika chakula cha jioni cha mumewe na watoto wawili. Alikanda unga wa kijiji, na chachu kidogo iliufikia wote. Ukiupunguza unga, umeipunguza na chachu.

Wala si hilo tu. Sara alipoambiwa na Ibrahimu akande haraka unga kwa ajili ya wageni watatu, aliambiwa sea tatu. Gideoni alipomwandalia malaika, alitumia efa moja ya unga. Hana alipompeleka Samweli katika nyumba ya Bwana, alichukua efa moja ya unga. Ni kiasi kile kile! Wayahudi waliomsikia Yesu akitaja sea tatu walikuwa na Sara masikioni tangu utoto. Sisi twasoma vipimo hapa, efa pale, pishi kwingine, na nyumba hizi nne zenye unga mmoja zimekuwa kwetu wageni wasiojuana. Hasara hii ni kubwa kuliko ile ya kilo.

Mtu atasema, Basi tazameni jedwali la vipimo lililochapwa nyuma ya Biblia nyingi, mtaona lita na kilo zote. Tumeyatazama majedwali hayo, ya Kiswahili na ya Kiingereza, nasi tuna neno la kusema juu yake. Jedwali humpa msomaji tarakimu moja tu, pengine yenye nukta na sehemu za kumi, kana kwamba yuko mtu aliyeikuta efa ya Musa katika ghala akaijaza maji. Hayuko. Ile lita 22 yatoka hasa katika vigae. Mtaalamu W. F. Albright alichimba Tell Beit Mirsim, kusini ya Yudea, kati ya mwaka 1926 na 1932, akapata kigae cha mtungi chenye herufi za bathi. Na huko Lakishi katika miaka ya 1930 kilionekana kigae kilichoandikwa bathi ya mfalme. Mitungi yenyewe ilikuwa imevunjika, hivyo ilibidi kuukisia mwili wake wote kwa kuifananisha na mingine, ndipo ikapatikana lita 22 hivi. Nayo lita 39 yatoka kwa Josephus, mwandishi wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, aliyewaeleza wasomaji wake kwamba bathi ni sawa na sextario 72 za Kirumi, na sextario ilipita nusu lita kidogo. Mmoja atoa ushahidi wa kigae, wa pili ushahidi wa mtu aliyeishi Yerusalemu Hekalu lingali limesimama. Na kati ya mtungi wa wafalme wa Yuda na kalamu ya Josephus imepita miaka mia saba hivi. Kwa nini vipimo visigeuke? Marabi wenyewe walikumbuka kwamba kipimo cha jangwani kiliongezwa Yerusalemu, na cha Yerusalemu kikaongezwa tena katika mji wa Sefori.

Iko njia ya tatu, nayo ni ya jikoni kabisa, nasi tuliipenda mara tulipoisoma. Marabi walipima kwa mayai. Logi ni mayai sita, sea ni mayai 144, efa ni mayai 432. Ni kipimo kilicho katika kila boma, wala hakihitaji fundi. Lakini yai la kuku gani? Mwanamke wa kijijini ajuaye yai la kuku wa kienyeji na yai la kuku wa kisasa atacheka hapo. Mishna yalijua swali hilo. Rabi Yuda alisema lichukuliwe yai kubwa kuliko yote na dogo kuliko yote, yatiwe majini, na maji yanayopanda yagawanywe kwa mbili. Rabi Yose akamwuliza, Ni nani atakayeniambia lipi ndilo kubwa kuliko yote na lipi ndilo dogo kuliko yote? Kila mtu na apime kwa jicho lake.

Katika karne ya 18 rabi wa Prague, Yechezkel Landau, alipima kipimo kimoja kwa njia mbili, kwa mayai na kwa upana wa vidole, kama vitabu vilivyoagiza. Zikatofautiana: yai lilitoa nusu tu ya kile kilichotolewa na vidole. Akaona kwamba mayai ya siku zake yamepungua hata nusu ya yale ya zamani. Sisi twaona ni heri kuwa na shaka juu ya vidole kabla ya kuwashitaki kuku wote. Lakini hukumu yake ilishikwa na watu wengi, na ubishi haujaisha. Katika karne ya 20 Avraham Chaim Naeh wa Yerusalemu alihesabu yai kuwa mililita 57.6, akifuata uzito wa dirhamu. Na Avraham Karelitz wa Bnei Brak, aitwaye Chazon Ish, alilihesabu kuwa karibu mililita 100. Hayo si maneno ya vitabuni tu. Mama wa Kiyahudi ashikaye sheria, akikanda mkate, hana budi kutenga kipande cha donge kama ilivyoagizwa katika Hesabu sura ya 15, iwapo unga wake wafika omeri moja. Basi wafuatao Naeh hutenga kwa baraka unga ukifika kilo 1.67 hivi, na wafuatao Chazon Ish hungoja kilo 2.25. Tena wengi huanza kutenga, bila kusema baraka, tangu kilo 1.2, kwa kuwa hawataki kuikosa amri wala kulitaja jina la Mungu bure. Tazameni jinsi watu wenye lugha yenyewe na desturi yenyewe wanavyokubali kukaa na shaka, na kuipangia utaratibu jikoni. Je, sisi tulio mbali twapata wapi ujasiri wa tarakimu moja?

Tena yako majedwali yasemayo vikombe. Haya ni mabaya zaidi. Kikombe cha Wamarekani ni kama mililita 237, cha Waaustralia ni 250, na cha chai nyumbani kwenu hatukijui. Na hata vikombe vikiwa sawa, unga ulioshindiliwa si unga uliochekechwa. Mwandishi wa jedwali amepima jikoni kwake, akadhani jiko lake ni dunia.

Kwa hiyo mashauri yetu kwa walimu wenzetu ni haya. Anzeni na uwiano, kisha tafuteni chombo cha kwenu kiwezacho kuubeba. Kwetu chombo hicho ni debe. Debe la zamani la mafuta ya taa ni galani nne za Kiingereza, lita 18 na kidogo. Basi efa kwa hesabu ndogo ni debe moja na lita nne hivi, na kwa hesabu kubwa ni madebe mawili na lita mbili au tatu. Semeni hivyo hivyo, debe na kidogo, au pengine mawili, wala msione haya kutaja yote mawili. Kisha fungueni Isaya sura ya 5, pale nabii asemapo kwamba homeri ya mbegu itatoa efa moja. Mfanyeni mtoto ahesabu: madebe kumi yameingia ardhini, debe moja limerudi. Hapo hamhitaji Albright wala Josephus. Iwe efa ni lita 22 au 39, mkulima amepoteza madebe tisa ya mbegu na jasho lake lote. Tumeona wazee wakitikisa kichwa kwa maneno hayo, ambao homeri na efa ziliwapita miaka yote kama majina ya miji ya mbali.

Punda naye asaidia. Wataalamu wengi huliunganisha neno homeri na neno la Kiebrania la punda, kwamba asili yake ni mzigo wa punda mmoja. Homeri ya shayiri kwa hesabu ndogo ni kilo 130 hivi. Kwa hesabu kubwa ni kilo 230. Wenye punda wataamua wenyewe. Sisi twaona hata hiyo ya kwanza yamwonea, na hiyo ya pili yamwua. Na hii ndiyo sababu mojawapo ituelekezayo kwenye hesabu ndogo kwa habari za Agano la Kale, ingawa kwa siku za Yesu twampa Josephus nafasi kubwa zaidi.

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya wasomi wasio na kazi. Torati yaagiza efa ya haki na hini ya haki, na kukataza mtu kuwa na efa mbili nyumbani mwake, kubwa na ndogo. Amosi awakemea wale waliopunguza efa na kuongeza shekeli. Mkulima wa vijijini kwetu alijua debe lililobonyezwa kitako. Ajua gunia la lumbesa lililoshonewa kilemba juu ya mdomo, ambalo mnunuzi hulihesabu gunia moja. Ajua kununuliwa kwa kilele na kuuziwa kwa mfuto. Mwalimu akimwambia tu kwamba efa ni kipimo cha kale, Amosi amenyamaza. Akimwambia kwamba efa ndiyo debe lao, Amosi yuko sokoni siku ya mnada. Hatutaki kusema kwamba wafasiri wamevunja Torati kwa kuweka pishi tatu zisizolingana katika kitabu kimoja. Lakini atakayeitengeneza tafsiri hiyo siku moja, na aanze na Mathayo 13.

Mahali pengine twawasifu bila kusita. Katika Ufunuo sura ya 6 sauti yatangaza bei ya ngano wakati wa njaa, nayo imetafsiriwa kwa kibaba. Kipimo cha Kiyunani, koiniksi, ni kama lita moja na kidogo, nacho kilihesabiwa kuwa chakula cha mtu mmoja kwa siku moja. Na kibaba je? Katika misafara ya zamani kutoka pwani kwenda bara, posho ya mpagazi kwa siku ilikuwa kibaba. Kiasi chakaribiana, na maana yake ni ile ile. Neno bora kuliko hilo halikupatikana na halitapatikana. Lakini karibu na kibaba wakaandika nusu rupia, na rupia ilikuwa imekwisha kuondolewa katika nchi zetu nyingi tangu miaka ya 1920, miaka 30 kabla ya Biblia hiyo kutoka. Dinari ilikuwa mshahara wa kibarua wa kutwa. Kijana wa leo hajui kama nusu rupia ni nyingi au ni chache, na njaa yote ya aya ile imo katika kujua hilo. Mwalimu na aseme: kazi ya kutwa nzima, kwa kibaba kimoja cha ngano.

Limebaki jambo moja la Ruthu. Alipookota masazo siku ya kwanza na kuyapura, alipata kama efa moja ya shayiri. Kilo 13 kwa hesabu ndogo, nazo kwa mwokotaji ni ajabu. Lakini usiku wa uwanjani, Boazi alipompimia, Kiebrania kinasema shayiri sita tu, pasipo kutaja kipimo. Zikiwa ni omeri, ni kilo 8 au 14. Zikiwa ni sea, ni kilo 26, au hata 47, ndani ya nguo ya kujitanda, naye arudi peke yake alfajiri. Zikiwa ni efa, ni mzigo wa punda wetu yule. Wafasiri wetu waliandika vipimo, wasitaje ni vya chombo gani, wakaacha hivyo. Mwalimu akiulizwa darasani, na awaulize watoto kwanza mwanamke wa kwao aweza kujitwika kiasi gani, kisha awaachie wahesabu.